Mama mkwe alinifungisha kadi mbili zisizo na deni, nikaponea kuuza shamba la bibi yangu

Habari za mchana wakuu, mlio kazini na mlio kwa foleni ya benki.

Nimekuwa msomaji wa kimya hapa miaka mingi. Leo nimeona mtu ameuliza: ukiwa unalipa deni la credit card, zile kadi zingine hutumii ufunge ama uwache tu zikae? Majibu yalikuwa ni ya kurushiana maneno. Nikasema wacha nitoe yangu, na sitaongeza chumvi. Ile aibu iko ndani inatosha.

Mimi ni clearing agent hapa Malaba, mpaka wa Kenya na Uganda. Miaka kumi na moja nafanya makaratasi ya malori. Naishi na mke wangu, anaitwa Nabwire, na watoto wawili, nyumba ya kukodi si mbali na stage.

Kwa wale hawajui hii kazi, nieleze kidogo ndio muelewe ujinga wangu ulianzia wapi.

Lori likifika border kuna malipo madogo madogo yanatakiwa yalipwe ndio lisonge. Lisipolipiwa linalala. Likilala, mwenye mzigo anachajiwa kila siku, dereva anakasirika, na wewe agent unaitwa mzembe. Sasa sisi maagent tuna tabia yetu. Client akisema "nisukumie, nitakurudishia kesho", unamsukumia. Unalipa na pesa yako. Agent asiyesukuma anaonekana hana nguvu, na hakuna mtu anataka kuonekana hana nguvu Malaba.

Mimi nilikuwa nasukuma na credit card.

Nilikuwa nazo nne, wakuu. Nne! Wale vijana wa mauzo wa benki walikuwa wanakuja na T-shirt zao, unajaza fomu ukikunywa chai, wiki mbili kadi imefika. Nikiwa nazitoa kwa wallet mbele ya maagent wenzangu nilikuwa najiona mtu wa maana sana.

Kufikia mwaka juzi mbili zilikuwa zimejaa. Moja ilikuwa na deni la 236,000, ingine 148,000. Kila mwezi nalipa minimum, na salio linabaki pale pale. Zile mbili zingine zilikuwa safi kabisa, sifuri. Moja limit 150,000, ingine 100,000. Hizo nilikuwa naziita akiba yangu. Naongea kabisa nikisema "niko na robo milioni pembeni". Pesa ya benki, mimi nahesabu ni yangu.

Sasa tukaja kwa shamba.

Nabwire ana shamba la robo tatu ekari kule Adungosi. Alilinunua na pesa yake ya cherehani, kidogo kidogo, karibu miaka sita. Hati iliandikwa kwa jina langu, kwa sababu wakati ule ndio ilikuwa rahisi, lakini kila mtu anajua ni lake. Analima viazi vitamu na karanga. Ukitaka kumuona akicheka mwenyewe bila sababu, mpeleke Adungosi.

Mimi nikaona suluhisho ni hilo shamba. Broker mmoja akaniletea mnunuzi, bei ilikuwa inafunika deni lote na kubakisha kidogo. Nikachukua kwa broker elfu ishirini ya kuonyesha tuko serious. Elfu ishirini ikaenda minimum ya mwezi huo, ikaisha hivyo.

Kilichobaki ni sahihi ya Nabwire. Bila sahihi ya bibi hauwezi kuuza.

Nikamwambia jioni tukila. Hakupiga kelele. Alimaliza ugali, akatoa vyombo, akasema "nimesikia". Kesho yake asubuhi akampigia mamake.

Hapa lazima nisimame nieleze kitu kingine.

Mama mkwe wangu ni Mnyala wa Budalang'i, kule mto hufurika kila mwaka, lakini ameuza dagaa wa omena soko la Busia tangu Nabwire akiwa shule ya msingi. Na yeye anafuata mila kabisa. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono. Hawakai meza moja. Hawaitani majina. Akinikuta barabarani anahama upande ule mwingine, na mimi naangalia chini. Miaka tisa ya ndoa, hatukuwa tumewahi kuongea maneno ishirini ya moja kwa moja.

Kwa hivyo siku aliyokuja Malaba, saa nane mchana, jua limewaka, nilijua kuna shida kubwa. Huyo mama haachi meza yake ya omena siku ya kazi hivi hivi.

Aliketi jikoni. Mimi niko sebuleni. Katikati ni pazia, na Nabwire ameweka stuli mlangoni. Ndio mkutano ukaanza.

"Nabwire, mwambie baba Sharon nimemsalimia."

Namsikia vizuri, ako mita tatu. Nabwire anageuka ananiambia, "Mama anakusalimia."

Mkicheka chekeni, lakini huo mkutano ulienda saa mbili nzima hivyo.

Alianza kwa kusema hajakuja kugombana na mtu. Anataka tu kuona hizo kadi. Nikatoa zote nne, nikampa Nabwire, zikapita chini ya pazia. Nikasikia anazipanga kwa meza ya jikoni moja moja.

"Zenye deni ni gani?"

Nabwire akamwonyesha.

"Na hizi mbili ni za nini?"

Mimi nikajibu mbio kabla Nabwire hajageuka, "Ni za emergency, mama!" Nikajishika mdomo. Nabwire akarudia, "Anasema ni za emergency."

"Muulize emergency ya nani."

Wakuu, hilo swali lilinipata vibaya. Akasema nihesabu, kwa mwaka uliopita, kila mara nilivuta pesa kwa kadi na ilikuwa ya nini. Nikafungua statement kwa simu nikaanza kusoma. Lori ya vigae. Lori ya mafuta ya kupikia. Lori ya nguo. Lori ya vigae tena. Lori mbili za mbolea. Nikisoma sauti yangu inashuka yenyewe.

"Na Sharon alipolazwa hospitali ya Nangina, alilipa na gani?"

Nabwire ndiye alijibu, na hakuwa ananitafsiria mimi sasa, alikuwa anaongea yake. "Tulilipa na pesa ya chama yangu, mama."

Kwa hivyo mwaka mzima, emergency ya nyumba yangu hata moja haikuwa kwa ile orodha. Zote zilikuwa za watu wenye malori.

Halafu akapiga hesabu, na huyu mama akipiga hesabu ni kichwa tu. Anauzia watu wa pande zote mbili, anageuza shilingi ya Uganda na ya Kenya akiwa anapima omena na kopo na akigombeza mtu wa mkokoteni, yote kwa pamoja, na hakosei. Akauliza lori moja napata commission ngapi. Elfu tano. Kuvuta cash kwa kadi wanakata ngapi. Nikamwambia. Riba ya mwezi. Nikamwambia. Client anachukua muda gani kurudisha? Nikasema wiki tatu, saa zingine miezi miwili.

Akasema: "Nabwire, mwambie benki ndiyo inafanya clearing. Yeye anabeba tu makaratasi."

Wueh! Agent wa miaka kumi na moja naambiwa hivyo kutoka jikoni kwangu.

Nilijaribu kujitetea. Nilikuwa nimesoma kwa internet kwamba ukifunga kadi credit score yako inashuka, juu uwezo wako wa kukopa unapungua. Na si uongo, inaweza kushuka. Nikaeleza vizuri na maneno makubwa makubwa.

"Muulize hiyo score ni ya kufanyia nini."

"Ni ya kukopa, mama."

"Kwani anataka kukopa tena?"

Nabwire alikuwa anaangalia sakafu asicheke.

Halafu ndio akatoa sharti lake. Alisema hatamzuia mtu kuuza. Lakini nikiuza shamba na hizo kadi mbili ziko wazi, mwaka ujao nitakuwa nimezijaza, na sijui nitauza nini. Nifunge hizo mbili kwanza. Zile zenye deni nilipe bila kuvuta tena hata shilingi. Niandike wateja wote wananidai... samahani, wote ninaowadai, na niwafuate. Nifanye hivyo miezi mitatu. Miezi mitatu ikiisha na bado naona ni lazima niuze, yeye mwenyewe atamwambia Nabwire aweke sahihi.

Nikakubali. Ningekataa vipi? Broker alinung'unika lakini akasema atangoja.

Jumatatu tukaenda benki ya kwanza, Busia. Tukaenda watatu. Picha ilikuwa hivi: mimi kwa kiti mbele ya dada wa benki, mama mkwe kwa benchi la mbali ameangalia ukuta, Nabwire amesimama katikati.

Yule dada alikuwa mzuri sana wa kuongea. Alipoona nataka kufunga kadi yenye limit ya 150,000 na haina deni, akashtuka. "Lakini boss, wewe ni mteja mzuri!" Akaniambia watanisamehe ada ya mwaka. Akaniambia kwa vile nimekaa nayo vizuri naweza kuongezewa limit mpaka 220,000, siku hiyo hiyo.

Sitawadanganya, wakuu. Moyo uliyumba. Nilianza kujisikia mtu wa maana tena.

Kutoka kwa benchi nikasikia, "Nabwire! Muulize huyo dada, akiongezewa limit, deni la kwingine linapungua?"

Watu wote kwa benki wakageuka. Yule dada akaangalia mama, akaangalia Nabwire, akaniangalia mimi, akaanza kucheka. Akavuta fomu.

Kufunga si kukata kadi na makasi tu uende, hiyo watu wengi hukosea. Kulikuwa na ada ya mwaka 1,740 haijalipwa, ikabidi nilipe kwanza. Nikajaza fomu, kadi ikakatwa mbele yangu. Mimi nikainuka niende. Mama akasema hatoki bila barua ya kuonyesha imefungwa. Barua ilikuwa inachukua siku saba, akasema Nabwire arudi siku ya saba. Nilimuona anasumbua bure. Miezi miwili baadaye nikatumiwa message nadaiwa ada ya ile kadi iliyofungwa. Nilituma picha ya barua na ikaisha siku hiyo hiyo. Mpaka leo nikikumbuka nasema asante nikiangalia upande wa Busia.

Sasa aibu yenyewe ni hii.

Kadi ya pili ilikuwa ya benki ambayo tawi lake liko Bungoma. Nikasema nitaenda mwenyewe. Sikuenda. Nikamwambia Nabwire nimeenda. Kadi nikaiweka nyuma ya simu, ndani ya cover. Nilijiambia mwanamume hawezi kukaa border bila kitu kabisa.

Ilikaa hapo wiki tatu.

Wiki ya nne akanipigia Hajji, client wangu wa Kampala, mtu wa vigae. Mtu mzuri, mcheshi, tumefanya kazi miaka sita. Lori lake limefika, inahitajika 96,000 lisilale.

"Ssebo, nisukumie, wangu. Kesho kutwa nakutumia."

Nilikuwa nimesimama kando ya yard, simu iko sikioni, na kadi iko ndani ya hiyo hiyo simu, karibu na shavu langu. Mkono ulikuwa umeshaanza kufungua cover. Limit 100,000, pesa inatosha kabisa.

Na nikajiuliza, emergency ya nani?

Nikamwambia, "Hajji, sina. Sisukumi tena. Tuma pesa, nalipa dakika hiyo hiyo."

Nilikuwa nangoja matusi, ama aniambie anahamia kwa mtu mwingine. Akasema tu, "Haya, ngoja."

Dakika arobaini, pesa ikaingia. Yote. Na ya commission juu.

Kumbe alikuwa nayo! Miaka sita huyu mtu alikuwa nayo! Nilikuwa namkopesha tajiri pesa ya benki, mimi nalipa riba, yeye anafanyia pesa yake biashara, na mimi ndio nilikuwa nataka kuuza viazi vitamu vya bibi yangu. Niliketi kwa tairi ya lori nikacheka peke yangu, halafu nikasikia kama nataka kulia.

Siku iliyofuata nikaenda Bungoma, nikafunga, na nikaomba barua bila kuambiwa na mtu. Jioni nikamwambia Nabwire ukweli. Alinikasirikia siku nne, na nilistahili.

Ile orodha ya wateja nilikuwa nawadai ilifika 131,000, wakuu. Nilikuwa natafuta mnunuzi wa shamba na nina 131,000 nje! Nilikuwa naona aibu kudai. Mama mkwe alimtuma Nabwire aniulize anayefaa kuona aibu ni nani, aliyechukua ama aliyetoa. Miezi mitatu nikakusanya 94,000. Mmoja wa upande wa Busia ameniblock mpaka leo, huyo nimemwachia Mungu. Elfu ishirini ya broker nikarudisha, nikamwambia shamba haliuzwi. Iliyobaki yote ikaingia kwa kadi yenye riba kali.

Si kila kitu kilikuwa kizuri. Client mkubwa wa mbolea aliniacha, akaenda kwa agent mwenzangu anayesukuma. Iliniuma sana na mwezi huo tulikula omena mpaka watoto wakalalamika. Huyo mwenzangu mwezi uliopita ameniuliza kama namjua mtu wa kununua gari lake.

Leo ni miezi kumi na nne. Kadi moja nimemaliza na kuifunga pia. Ingine imebaki 31,000, na pesa yake iko njiani.

Huu ni uzi wa kadi, lakini hii ya mwisho ndio ilinifanya niandike.

Wiki mbili zilizopita tulikuwa Adungosi tukivuna viazi, mimi na Nabwire tu. Nilikuwa namsifu mamake. Nikasema huyo mama angepewa benki aendeshe. Nikauliza, alijua aje kwamba ningeuza na nirudie tena? Alikuwa na uhakika sana.

Nabwire aliendelea kuchimba kwa muda. Halafu akaniambia.

Babake alikuwa na deni la injini ya boti na nyavu. Akauza shamba la kwanza Budalang'i, deni likaisha, watu wakampongeza. Lakini wale waliokuwa wakimkopesha hakuwahi kuwafungia mlango, na wao walijua bado ana shamba. Mwaka haukuisha, deni likarudi. Akauza la pili. La tatu ndilo lilikuwa na nyumba. Hawakuhama Budalang'i kwa sababu ya mafuriko kama nilivyokuwa nikifikiria miaka yote hii. Walihama juu hapakuwa na mahali pa kukaa. Nabwire alikuwa na miaka kumi, alibeba sufuria mbili mpaka Busia. Na ndio maana pesa yake ya kwanza ya cherehani ilienda kwa udongo wa Adungosi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile nilimletea habari ya kuuza. Ningeacha pale pale.

Akasema, "Mama alinikataza. Alisema ukiambiwa utaacha juu ya kutuhurumia. Alitaka uache juu umehesabu mwenyewe."

Nilishika jembe nikaendelea na mstari wangu, na yeye akaendelea na wake.

Kwa hivyo jibu langu kwa yule aliyeuliza ni hili. Score inaweza kushuka, ni kweli, na kama wewe ni mtu wa kujizuia hiyo kadi haitakusumbua. Mimi si huyo mtu, na nilichukua miaka kujua. Kama unalipa deni na ukifungua wallet unaona limit unaiita pesa yako, lipa ada iliyobaki, funga, na uchukue barua.

Mnaopinga njooni tubishane, niko hapa mpaka lori la saa kumi lifike. Na maagent wenzangu wa Busia na Malaba mnaosoma hii kimya kimya: leo mmesukumia nani, na amewarudishia?